Tangi la Ndege Lililonukia Kibuyu

Mimi nimetengeneza vitu vya alumini hapa Noonkopir, Kitengela, vingi kuliko mbuzi wote walio kati ya hapa na Namanga. Madirisha, milango ya maduka, trei za mikate, masufuria ya harusi ambayo ng'ombe mzima angeoga ndani na bado apate nafasi ya kugeuka. Lakini tangi la mafuta la ndege nimetengeneza moja tu. Na tangu hilo, mimi ambaye huambiwa ninyamaze hata kwenye mazishi, nikisikia bati likipoa jioni huwa nanyamaza mwenyewe.

Mwenye ndege aliingia karakana yangu asubuhi akiwa amekumbatia boksi alilounda kwa kadibodi na gundi. Akaliweka juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Fundi, unaona hii?"

"Naona boksi la maandazi."

"Hii ni tangi. Nataka unitengenezee kama hii, ya alumini. Ya ndege."

"Ndege ya injini ama ndege ya mayai?"

Hakucheka. Alikuwa Mmaasai wa makamo, mikono imeingia grisi hadi kwenye mistari ya viganja, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akikarabati injini za ndege ndogo za watu wengine. Sasa alikuwa amestaafu, na ndani ya banda la mabati kwenye shamba la familia yao, mbele ya mji wa Kajiado ukielekea Bisil, alikuwa akijijengea yake mwenyewe. Mabawa yalikuwa tayari. Injini ilikuwa tayari. Tangi lingekaa mbele yake, juu kidogo ya magoti.

"Ikivuja, inanivujia mapajani," akasema. "Ikiziba, naanguka na ng'ombe yangu ikiniangalia. Ndiyo maana nimekuja kwako, si kwa mtu wa mageti."

Hapo mzaha ulinitoka. Nilielewa kwamba kile kiboksi cha kadibodi ndicho kingeamua kama mtu huyu atarudi chini akiwa amekaa au amelala.

Lazima niseme kwamba mimi si fundi wa kubahatisha. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, yale ambayo watu huyacheka wakiyaita ngumbaru. Nilikaa kwenye dawati la watoto magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba hewa ikipata joto hutanuka na ikipoa hujikunyata, na nilifaulu somo hilo vibaya sana, hadi ikabaki kidogo tu karatasi yangu iwekewe fremu na kutundikwa kanisani. Nayataja haya kwa sababu hiyo hewa ya kutanuka na kujikunyata ndiyo niliyoishika kama fimbo katika mambo yaliyofuata. Ilinisaidia mpaka mahali fulani.

Nikakata bati, nikalikunja, nikaweka kuta za ndani zenye matundu ili mafuta yasirukeruke ndege ikiinama, kisha nikaanza kuchomelea. Chuma ni rafiki. Kikiiva kinakuwa chekundu, kinakuambia sasa ngoja. Alumini haikuonyi. Inakaa nyeupe, imetulia, uso uleule, halafu ghafla inaanguka kama uji. Nilichomelea tangi lile nikishika pumzi, na nadhani nilishika pumzi hiyo wiki nzima.

Jioni nilipolimaliza, jua lilipokuwa linazama nyuma ya maghorofa, tangi lilisema: *ndom*.

Mara moja tu. Sauti ya ndani, nzito, kama mtu aliyegonga mlango kisha akakumbuka adabu.

Jirani yangu mama chapati aliinua kichwa kutoka kwenye jiko lake. "Fundi, umemfungia nani humo?"

"Mteja aliyelalamika kuhusu dirisha."

"Basi mtoe. Anagonga kwa heshima."

Nikamweleza habari za hewa na bati jembamba, jinsi ubavu wa tangi unavyoingia ndani likipoa. Akasikiliza yote. Kesho yake akahamisha jiko upande wa pili.

Sikumlaumu, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeanza kulipima kama linavuja. Unaziba kila mahali, unatia hewa kidogo, halafu kwenye kile kibomba chembamba cha kupumulia unafunga baluni. Baluni likilala, kuna tundu. Nilitumia baluni jekundu lililobaki kwenye sherehe ya mtoto wangu. Mchana jua likipanda baluni lilijaa, likasimama juu ya tangi kama kichwa cha mtoto anayechungulia. Jioni likanywea. Kesho yake mchana likajaa tena. Hakukuwa na tundu hata la kupenya pumzi ya sisimizi. Lakini kukaa karakanani peke yako na kitu kinachopumua polepole hivyo, pumzi moja kwa siku nzima, hata mtu wa sayansi huanza kukipa mgongo kwa mashaka.

Tukalipeleka kwa pikapu, limefungwa blanketi la kitandani kwangu, baluni likiwa juu bado. Mwenye ndege alitaka liachwe kwenye banda lake siku kadhaa ahakikishe kwa macho yake, huku akimalizia mahali pa kulifunga. Huko ndiko nilikokutana na mama yake.

Alikuwa mdogo wa mwili, anatembea bila sauti kwa viatu vyake vya tairi. Nikamsalimu kama inavyotakiwa kumsalimu yeyo, yaani mama, wa Kimaasai.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia. Akalizunguka tangi. Akaligonga kwa ukucha, akaweka sikio. "Hii ni ya nini?"

"Ya mafuta, yeyo. Ndiyo chakula ya ndege."

"Na kijana yangu atategemea hii huko juu?"

"Hii pekee."

Akaweka sikio tena. Upepo ulikuwa umetulia na mabati ya banda yalikuwa yanaanza kupoa. *Ndom.* Mimi niliruka. Yeye hakupepesa jicho.

"Iko tupu," akasema. "Inaita."

Akaenda zake. Mwenye ndege akacheka kwa pua. "Achana na yeyo. Kwake kila kitu iko na mdomo."

Niliporudi kulifunga, ilikuwa adhuhuri. Kama hujawahi kusimama kwenye mbuga za Kajiado saa ya jua la utosi, wacha nikuambie, giza ni mzaha. Huko mchana ndio unaotisha. Kivuli chako kinakukimbia kinajificha chini ya viatu. Nyasi hazitikisiki. Kisulisuli cha vumbi kinatembea peke yake kwa mbali, kinasimama, kinakutazama, kinaendelea na safari.

Ndani ya banda ndege ilikuwa imekaa kimya na mabawa yake meupe. Tangi lilikuwa juu ya benchi. Baluni halikuwepo.

"Umetoa baluni?" nikauliza.

"Si nilidhani ni wewe ulikuja nikiwa Kajiado?"

Nikafungua kifuniko cha mdomo wa kumwagia mafuta, mdomo mpana wa kuingia ngumi. Na harufu ikatoka.

Haikuwa petroli, maana hakuna tone lililokuwa limeingia. Haikuwa harufu ya kuchomelea. Hiyo naijua kuliko harufu ya shati langu. Ilikuwa moshi mtamu, mzito. Yeyote aliyekunywa chai kwenye boma la Kajiado anaujua. Huku kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijiti cha oloirien, ule mti wa mzeituni mwitu, kikiwa kinawaka. Kinasukumwa ndani, kinasuguliwa mpaka kibuyu kinakunywa moshi. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki, na yanapata ladha ambayo hutaisahau hata ukihamia mwezini.

Nikawasha tochi ya simu nikachungulia. Kuta zangu za ndani zilikuwa nyeusi, zimefunikwa unga laini wa makaa.

Nywele zangu zilisimama hadi kofia ikapanda.

"Yeyo ndiye amefanya hii," nikasema, zaidi kwa kutumaini.

Mwenye ndege alikuwa ameinamisha uso juu ya ule mdomo, macho amefumba. "Hapana. Tangu baba afe hakuna kibuyu imewashwa hii boma. Yeyo alitoa vibuyu vyote. Maziwa anaweka kwa mtungi ya plastiki." Akavuta pumzi tena. "Fundi, hii ni kibuyu ya baba. Ni hiyo yenyewe."

Ndipo akaniambia kile alichokuwa hajaniambia. Baba yake alikuwa amelikataa jambo la ndege mpaka siku yake ya mwisho. Alikuwa akisema mtu wa ng'ombe hana alichopoteza huko juu. Mara ya mwisho waligombana pale pale, banda likiwa bado ni nguzo tu.

Tulisafisha tangi kwa maji ya moto na sabuni, tukalitikisa mpaka mabega yakaomba talaka, tukasuuza hadi maji yakatoka yakiwa safi ya kubatizia. Kibomba cha kupumulia nilikipuliza kwa mdomo mwenyewe. Tukaliacha wazi juani likauke, tukaenda nyumbani kwake kula. Mama hakuwepo, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Bisil, siku ya soko la mifugo, na binti yake.

Tuliporudi nilichungulia kwanza kwa tochi. Ndani palikuwa panang'aa. Hakuna punje ya makaa.

Lakini harufu ilikuwa imerudi. Na safari hii ilikuwa mbichi, yenye joto, kama kijiti kimetolewa sasa hivi.

Nikaanza maelezo yangu. Jua limechemsha bati, harufu ya zamani iliyojificha kwenye maungio imetanuka, hewa ikipata joto... Mwenye ndege alikaa juu ya debe, ametazama mikono yake. Nilijisikia naongea kama redio kwenye nyumba yenye msiba. Nikazima.

"Ananizuia," akasema.

"Basi tuache, mzee. Tangi nitalibeba, nitalikata niwe natumia kama beseni."

"Miaka yote hii, fundi?" Akasimama. "Mkaguzi ameshapita. Karatasi iko. Jumamosi tunaweka mafuta, Jumapili kabla ya kanisa naruka. Kama ni kukataa, akatae nikiwa ndani."

Niliposikia hivyo nilijua siwezi kulala Kitengela nikingoja simu. Jumamosi nilikuwa huko.

Tulifunga tangi mahali pake, tukamimina petroli tukiichuja kwa kipande cha ngozi laini. Ikapita safi. Mvuke wake ulijaa banda lote, ukatoka mlangoni, ukalala juu ya nyasi kwa sababu upepo ulikuwa umekufa. Betri ya ndege ilikuwa dhaifu, kwa hiyo mwenye ndege akachukua pikapu kwenda Kajiado kuazima nyingine. "Chunga hapa," akaniambia. "Na usivute sigara."

"Sivuti hata harufu ya jirani."

Nikakaa nje ya banda juu ya jiwe. Jua likazama upande wa Bonde la Ufa, na mbuga ikawa ya rangi moja, nyasi na mbingu. Mabati yakaanza kupoa, yanalia tiki, tiki, tiki. Nilikuwa nimejiambia kwamba tangi likijaa mafuta halitakuwa na hewa ya kutosha kupiga kelele. Hiyo ni sayansi.

*Ndom.*

Nyuma yangu, ndani kabisa.

Na hapo nikaona moto. Nukta moja nyekundu, chini, karibu na usawa wa nyasi, inakuja kutoka upande wa nyumba. Haikuwa na mtu. Niliangalia nikaangalia, hakuna mtu. Inapanda kidogo, inashuka, inapanda, kama kitu kinachotembea kwa mwendo wa zamani kisicho na haraka.

Halafu moshi ukanifikia. Oloirien.

Akili yangu ikagawanyika. Nusu moja ilitaka kukimbia hadi Loitokitok bila kugusa chini. Nusu nyingine, ile ya ngumbaru, ikaniuliza: nyuma yako kuna nini? Petroli. Na mvuke umelala wapi? Hapa ulipo, na unatambaa kuelekea kule moto unakotoka.

Ndipo nikaona shuka. Chini ya shuka jeusi la jioni, yeyo, ameshika kijiti kinachowaka karibu na goti ili upepo wa mwendo wake usikizime. Anaongea peke yake kwa Kimaa, polepole, kama anayembembeleza ndama.

Sikuweza kupiga kelele. Ningemshtua angekirusha kijiti. Kumkimbilia mama wa mtu na kumnyang'anya kitu mkononi, pia huwezi. Lakini kuna jambo moja ambalo mama wa umri ule hawezi kulifanya hata nyumba ikiwaka: kuipita salamu.

"Takwenya, yeyo!"

Moto ukasimama. "Iko."

Nikaanza kutembea kuelekea kwake, taratibu, mikono ikionekana. "Boma iko salama?"

"Iko salama."

"Ng'ombe?"

"Wako salama."

"Na watoto?"

"Watoto wako salama."

"Na mbuzi? Mbuzi pia nimewakumbuka."

"Mbuzi wako."

"Mvua imefika hapa?"

"Bado."

Kila alipojibu alisimama. Kijiti kilidondosha cheche kwenye nyasi, nami nikaziangalia kila moja ikifa. Maswali yaliniishia nikiwa bado mbali naye. "Na kuku, yeyo?"

"Mimi sina kuku."

"Pole. Na mchungaji wa kanisa?"

"Mzima." Kisha, kwa sababu ni mtu mwenye heshima zake, akaanza kuniuliza na mimi. "Na kwako? Watoto wako salama? Ile mji ya vumbi iko salama?" Nilimjibu yote, hadi za watu nisiowajua, mpaka nikawa mbele yake kabisa, nimemkinga na banda.

"Yeyo, hii moto ni ya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kijiko ni cha nini. "Kile chombo kinalia. Si wewe umesikia? Ni mpya, moshi ya mara moja haitoshi. Kijana yangu ataweka maisha yake ndani ya chombo haijashiba moshi?"

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni nani mwingine? Wewe ulikileta hapa uchi, na baluni imekiziba pua. Nilitoa hiyo kitu."

Nikamweleza. Kwamba maziwa ya hicho chombo ni petroli. Kwamba yako ndani tayari. Kwamba tungekuwa tumesalimiana mara ya mwisho. Hakushtuka kwa sauti. Aliangalia kijiti, akaangalia banda, kisha akainama akakizika ndani ya udongo, akisukuma pole pole mpaka kikaacha kutoa moshi. Mimi, roho yangu ilikuwa imetangulia Kitengela.

Mwanawe akatukuta hivyo, taa za pikapu zikitumulika tumechuchumaa kando ya shimo la ukubwa wa kikombe. Nikamwambia yote kwa furaha ya mtu aliyetoka kaburini. "Mzee, si baba! Ni yeyo! Mara zote mbili ni yeyo!"

"Mara mbili?" mama akasema. "Mimi nilifanya mara moja. Leo ndiyo ningefanya ya pili."

"Na ile siku tulisafisha?"

"Ile siku si nilikuwa Bisil?"

Injini ya pikapu ilikuwa imezimwa. Nyuma yetu mabati yalilia tiki, kisha yakaacha. Mwenye ndege alisema kwa sauti ndogo, "Basi ile ilikuwa yake. Nilijua. Amekataa."

Mama alisimama, akajifuta udongo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka. Alimcheka mwanawe kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Wewe umekula maziwa yake miaka ngapi, na hujui? Mtu akitaka kukunyima, anavunja kibuyu. Anakitupa. Nani anakaa akiwasha oloirien, anasugua, anasugua, kwa chombo hataki utumie?"

Mwenye ndege akaenda kushusha betri kwenye pikapu.

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, tulitoa mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo. Safi. Nikapuliza tena kile kibomba. Kinapumua. Mwenye ndege akaingia, akafunga mkanda, akaweka kiganja kwenye ubavu wa tangi kwa muda kidogo. Injini ikashika. Ndege ikakimbia, ikaruka nundu moja, mbili, halafu magurudumu yakaacha vumbi na ng'ombe wote wa Kajiado wakainua vichwa, naapa, hadi wa Tanzania.

Alizunguka mara moja. Alipofika juu yetu sauti ya injini ilipungua ghafla, ikawa mnong'ono, na mimi nikaona alumini yangu, nyeupe, imetulia, isiyoonya mtu. Nilishika mkono wa yeyo bila kuomba ruhusa. Alikuwa anapunguza mwendo ili atue tu. Magurudumu yakagusa, yakadunda, yakagusa.

Mama alimpita mwanawe akiwa bado anafungua mkanda, akaenda akaweka sikio kwenye ndege. Akasikiliza. Akaridhika na kitu fulani, kisha akageuka kwenda kuvaa nguo za kanisa.

Mimi nilinawa mikono huko Kajiado kwa sabuni, nikanywa soda, nikapanda gari. Jioni nilipofungua karakana kutazama kama kuna mtu ameniibia kitu chochote, mama chapati akainua pua kutoka kwenye jiko lake lililohamishwa.

"Fundi, leo Wamaasai wamekunywesha maziwa."

"Sijanywa maziwa."

"Ya kibuyu," akasema, akageuza chapati. "Unanukia mpaka huku."